Wanawake Niliokataa Kuwabeba

Sikupendwa Bukavu, na mimi pia sikuipenda. Nilikwenda kwa sababu mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na duka la vitambaa kule mtaa wa Nyawera, na alituletea habari Kigoma kwamba shamba moja la kahawa linatafuta dereva wa msimu. Nchi ilikuwa imeshaitwa Zaire. Wabelgiji wengi walikuwa wamenyang'anywa mashamba yao, na shamba hilo lilikuwa limeangukia mikononi mwa tajiri mmoja aliyeletwa kutoka mbali. Siku niliyopelekwa kwake alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa kuanikia kahawa, kavaa abakosti, ile suti yao isiyo na tai, na viatu vyeupe.

"Shikamoo bwana," nikasema.

"Usiniite bwana. Mabwana walirudia Ulaya. Mimi ni sitwayeni, mwananchi."

Vibarua waliokuwa karibu wakacheka. Hawakumcheka yeye, walinicheka mimi na shikamoo yangu. Tangu siku hiyo wanawake wachumaji wakinipita wananipigia kelele, "Ati shika nini? Shika nini, Mutanzania?" Kiswahili changu kiliwaudhi. Nikisema lori, wananisahihisha: kamyo. Nikisema dereva, wanageuza midomo: shofere. Niliwajibu kwa kunyamaza, na ukimya wangu wakauita majivuno. Hawakukosea sana.

Malori yalikuwa mawili. La pili liliendeshwa na mwanamume mnene wa Kabare ambaye mdogo wake alikuwa ameahidiwa kazi niliyopewa mimi. Hakunisalimu hata mara moja. Asubuhi ya kwanza alipanda kibaraza cha mashine ya kumenyea kahawa akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Muangalie muzuri. Huyu njo mwenye alikuja kula sahani ya ndugu yangu." Kuanzia hapo nikikuta gurudumu halina upepo sikuuliza nani. Nilijaza, nikaendelea.

Shamba lilikuwa mlimani, juu ya kijiji cha Miti. Kazi yetu ilikuwa kuteremsha kahawa hadi barabara kubwa, kisha kuipeleka kiwandani mjini. Msimu wa kahawa huko ni msimu wa mvua. Barabara ya mlimani ni udongo mwekundu ambao ukilowa hata mbuzi hasimami, na upande mmoja ni bonde. Mipira ya malori yote mawili ilikuwa imelika mpaka nyuzi za chuma zinaonekana. Nilimwendea sitwayeni nikamwomba mipira mipya.

Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Kwenu kwa ujamaa munatembea kwa miguu," akasema. "Leo unakuja kunifundisha motokari?"

"Breki nazo hazishiki vizuri."

"Basi endesha polepole. Au rudia kwenu."

Sikurudi. Kwetu mama alikuwa akiniombea kila sala nipate kitu cha kuanzia maisha, na nisingeweza kumtokea mlangoni mikono mitupu. Lakini niliamua jambo moja: katika lori langu hapandi mtu juu ya mzigo.

Wachumaji wengi waliishi Miti na vijiji vya jirani. Kazi ikiisha waliteremka mlima kwa miguu, watoto mgongoni, vikapu vya kuni vikining'inia kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Miaka yote walikuwa wakipanda juu ya magunia. Nilipowakatalia hawakuamini masikio yao. Mkubwa wao, mama wa makamo mwenye sauti nzito aliyesimamia wachumaji wote, alikuja akasimama mbele ya lori.

"Unakatala kutubeba juu ya nini?"

"Gari halina mipira, maman. Njia ni mbaya."

"Shofere mwingine anatubeba."

"Mwingine si mimi."

"Iko na roho mubaya," akawaambia wenzake bila kuondoa macho kwangu. "Anaona sisi ni batu ya bure."

Walianza kwa matusi. Baadaye yakaja mabonge ya udongo, halafu jiwe likavunja taa. Nilifunga ubao wa nyuma kwa mnyororo. Mwenzangu wa Kabare akawa akisimamisha lori lake mbele ya langu, anawapandisha wote huku wakiimba, na wimbo ulikuwa juu yangu. Siku moja walivuka mpaka. Walimtaja mama yangu. Nikateremka nikapiga kelele:

"Siku moja gari hilo litaanguka na nyinyi juu yake! Mtanikumbuka!"

Wimbo ukakatika. Mama yule msimamizi alinikazia macho, akashika ushanga wa rozari shingoni mwake.

Haukupita muda mrefu. Ilikuwa mchana, mvua imetoka kuacha, mimi niko nyuma ya lori la mwenzangu. Kwenye kona niliona sehemu ya nyuma ya lori lake inahama taratibu kuelekea bondeni, kama mtu anayesogea kumpisha mwingine. Wanawake wakaanza kupiga kelele kabla halijapinduka. Lililala ubavu, likaburuzika, likazuiwa na mikaratusi, na magunia yakawafuata wale waliokwisha kurushwa chini.

Tuliwatoa kwa mikono. Mmoja, binti aliyekuwa ameolewa juzijuzi tu, tulimkuta chini ya magunia hapumui. Mwenzangu alikuwa amebanwa mguu kwenye mlango, anamwita mama yake. Nilifungua mnyororo wangu nikatupa kahawa yote barabarani, kwenye matope, gunia baada ya gunia, nikawapakia majeruhi. Niliteremka mlima ule kwa gia ya kwanza, mguu ukiniuma kwa kukanyaga breki, nikisema shahada kwa sauti.

Hospitalini ndugu zao walikuwa wameshaanza kufika. Nilikuwa nimembeba mwanamke mmoja mikononi, aliyevunjika bega, ndipo nikasikia mtu nyuma yangu akisema:

"Njo huyu alisema gari itaanguka."

"Nani?"

"Mutanzania. Alisema, na ikaanguka."

Mganga alimpokea yule mwanamke kutoka mikononi mwangu, na mikono yangu ilipobaki mitupu ndipo waliponipiga. Neno mulozi, mchawi, lilitembea uwanjani haraka kuliko nilivyoweza kujieleza. Askari walionitoa pale hawakunitoa kwa huruma. Walinitupa kwenye kasho, chumba cha sementi chenye maji sakafuni.

Kesho yake waliniketisha mbele ya mkuu wao. Sitwayeni alikuwepo, na viatu vyeupe vingine. Hakuuliza habari za yule binti aliyekufa. Aliuliza habari za kahawa iliyotupwa matopeni, akasema hiyo ni kuhujumu mali ya taifa, na kwamba mgeni anayefanya hivyo ametumwa. Kisha wakamleta mwenzangu wa Kabare kwenye machela, mguu umefungwa mbao.

"Mipira ilikuwa namna gani?" mkuu akamuuliza.

Mwenzangu alimtazama sitwayeni. Nyumba aliyokaa na watoto wake ilikuwa ya shamba.

"Mipira ilikuwa muzuri."

"Na breki?"

"Muzuri."

"Sasa gari ilianguka juu ya nini?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu tujuane. "Huyu alisema itaanguka."

Nilimrukia. Sikujali mguu wake wala machela. Askari walinivuta nyuma kabla sijamfikia, na kwa mkuu wao hilo likawa ushahidi wa kutosha.

Niliporudishwa kasho, mchana, yule mama msimamizi alikuja. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa bendeji, kwani naye alikuwa juu ya lori lile. Alipitisha bakuli la maharage chini ya mlango.

"Kula."

"Umetia nini humu?"

"Kula, mupumbafu. Kama nilitaka kukuua, batu bangekumaliza jana nikiangalia tu."

Nikala. Alisubiri nje, namwona miguu tu kwenye uwazi wa mlango, matope yamekauka kwenye visigino. Nikamwambia, nikiwa na chakula mdomoni, kwamba mimi si mchawi, kwamba nyuzi za chuma zilionekana kwenye mipira, kwamba hata kipofu angezigusa akajua.

"Niliziona," akasema.

Nikaacha kutafuna.

"Sisi wote tuliziona. Tulikuwa tumechoka kutembea."

"Basi nenda kawaambie!"

"Niambie nani? Ule mwenye viatu vyeupe?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Kesho asubui nitachuma kahawa yake. Banangu pia. Weye utarudia kwenu. Sisi hatuna pengine pa kurudia."

"Kwa hiyo mnaniacha mimi niwe muuaji."

"Binti mwenye alikufa ni wa dada yangu," akasema. "Mama yake anataka mutu wa kuchukia. Sitwayeni hawezi kumuchukia. Akuchukie weye."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuchukia mbele ya hii yote," akasema. "Ulitupita siku zote na gari yenye nafasi, hata mvua ikinyesha." Akachukua bakuli lake akaenda.

Mjomba alibisha milango aliyoijua, nami nikatolewa kwa sharti la kuondoka nchini mara moja. Alikuja kunichukua na gari la rafiki yake, tukapita Nyawera bila kusimama. Wateja walikuwa wameanza kulikwepa duka lake kwa ajili yangu. Alizungumza tulipokuwa tumeshautoka mji.

"Miaka yote niliyoishi hapa hawakuwahi kuniita mgeni," akasema. "Wiki hii wameniita."

"Mjomba, mipira ilikuwa imekwisha. Ningefanyaje?"

"Ungewabeba, kama wenzako."

"Na wangekufa kwangu?"

"Wangekufa kwako, lakini watu wangekuja kukupa pole."

Nilimwambia asimamishe gari. Hakusimamisha. Tuliteremka milima hadi bonde la Ruzizi, na Uvira alinishusha bandarini na mkoba wangu, akageuza gari. Hatukusemezana tena mpaka alipofariki, na msiba wake niliusikia kwa watu wa soko.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba msimu umekwisha mapema. Mwaka uliofuata nikapata kazi ya kubeba tumbaku upande wa Urambo. Siku ya kwanza vibarua walinizunguka na vifurushi vyao, wakitaka kupanda. Nikazunguka gari zima, nikainama kwenye kila gurudumu, na wao wakisubiri juani wakaanza kunung'unika. Mipira ilikuwa mipya. Hata hivyo nikafunga ubao wa nyuma, nikaondoka peke yangu, nikiwaona kwenye kioo wakininyooshea vidole.