Dakika Tatu za Shangazi Tabita

"Shangazi, bei ya umeme anaipanga nani?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, nimekalia debe la mahindi mlangoni pa mashine yake ya kusaga, hapa Hasamba. Shangazi Tabita hawashi mashine mpaka madebe yafike kumi. Anasema mota ikianza tu inabugia umeme kama ng'ombe aliyefika mtoni, kwa hiyo iwashwe mara moja, isage yote. Siku hiyo madebe yalikuwa saba na mimi nilikuwa na njaa. Nikamwomba awashe, akasema umeme ghali. Ndipo nikauliza. Alinitazama, nyusi nyeupe kwa unga, akasema, "Wewe Angel, kalia debe lako."

Sasa niko kidato cha tatu, na swali lile sikulisahau.

Shangazi ni dada yake baba. Ameishia la saba, lakini mota ikianza kuumwa anaisikia akiwa jikoni anasonga ugali, anaacha mwiko na kukimbia. Mashine aliachiwa na marehemu mumewe. Wakati huo ilikuwa ya dizeli. Aliibadilisha mwenyewe pale kampuni moja ndogo ilipoanza kutuuzia umeme wa maporomoko.

Mwaka jana tangazo likabandikwa ofisi ya kata. Kampuni ile imeomba bei mpya, na kabla hazijapitishwa, wadhibiti wa bei watakuja kusikiliza wananchi. Waliuita mkutano wa taftishi. Nilinakili tangazo lote kwenye daftari la Jiografia, nikaenda kumsomea shangazi. Niliposoma kwamba yuniti itapanda kidogo, aliendelea kufagia unga. Nilipofika kwenye ada ya kila mwezi kwa wenye mashine, wasage wasisage, akakaa chini.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Basi nitafunga," alisema. "Mtabeba mahindi mpaka Vwawa, au mtanunua unga wa mifuko kutoka Tunduma."

Kisha akainuka, akasema, "Kaniandikishe. Nitasema."

Wiki nzima alifanya mazoezi mbele ya mashine. Nilimsikia. Alisema vizuri kabisa.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti wa wadhibiti, mama mmoja mwenye miwani, alieleza kwamba kila msemaji ana dakika tatu, simu yake ya mezani pale ikilia ni mwisho. Jina la shangazi likaitwa. Akasimama na kitenge chake kipya, akainama kidogo, akapiga makofi ya taratibu kama tunavyowasalimu wakubwa.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena!"

Nikaanza kupata wasiwasi. Akawashukuru wageni kwa kupanda milima yetu. Akamshukuru mchungaji kwa ukumbi, mtendaji wa kata kwa viti, kinamama wa kwaya kwa chai. Akawapa pole wageni kwa vumbi. Akawauliza kama walilala salama. Kwetu huwezi kusimama mbele ya watu ukaanza tu na shida zako, utaonekana hukulelewa. Hatimaye akavuta pumzi, akasema, "Sasa, kuhusu hii ada..."

Simu ikalia.

"Ahsante sana, mama. Anayefuata."

Shangazi akabaki amesimama, mdomo wazi. Halafu akakaa.

Aliyefuata alikuwa Gibson, fundi wa kuchomelea mageti jirani na mashine, ambaye humtania shangazi kila siku ya Mungu. Naye ada ile ingemkuta.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "salamu za kata nzima ameshazimaliza huyu mama. Kwangu hazijabaki. Naomba dakika zangu apewe yeye, ila kwa sharti moja: asisalimie mtu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akanong'ona na wenzake, akavua miwani, akaifuta. "Endelea, mama. Bila salamu."

Shangazi akasimama. Safari hii hakuinama.

"Januari mpaka Machi mashine yangu haisagi. Ghalani mahindi yameisha, shambani bado mabichi. Anayeingia mashineni ni panya tu. Mnataka nilipie panya?"

Mwakilishi wa kampuni akanyoosha mkono. "Tutajuaje kwamba kweli husagi?"

"Kwani mita si yenu, baba? Isomeni!"

Watu wakapiga makofi. Hata yule mwakilishi alicheka, akaandika kitu. Shangazi alimaliza dakika moja na kitu, akabakiwa na muda. Akautumia kuwashukuru wageni.

"Umeona?" Gibson alimwambia tukitoka. "Umeshindwa kabisa kujizuia!"

"Nyamaza wewe. Nikinyamaza bila kuaga watasema nimetoka porini."

Miezi minne ilipita. Nilikuwa napita ofisi ya kata kila nikitoka shule, mpaka mlinzi akaniuliza kama natafuta kazi. Siku uamuzi ulipobandikwa nilisoma ukurasa kwa ukurasa. Yuniti ilipanda, ingawa si kwa kiasi walichoomba. Ada ya kila mwezi kwa mashine ndogo ilikataliwa. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja: Bi. Tabita Mwampashi wa Hasamba alieleza kuwa mashine za kusaga husimama miezi mitatu kwa mwaka.

Nilikimbia mpaka mashineni. Madebe yalikuwa tisa mlangoni. Nikamsomea mstari ule. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu, ya mwisho kwa sauti ili Gibson asikie kule kwenye cheche zake.

Nikaona ndiyo nafasi yangu. "Shangazi, lile swali langu la darasa la tatu. Bei ya umeme anaipanga nani?"

Akajifuta unga usoni kwa ncha ya kanga.

"Majina yao bado siyajui, Angel. Lakini langu wanalijua." Akashika swichi. "Haya, simama hapo, nawasha. Leo tisa yanatosha."