Meno ya Mdogo Wake

Jirani yangu, fundi cherehani, amekata uzi kwa meno kwa miaka hamsini. Kila jino lilipomuuma alimwambia daktari ang'oe tu, kwa sababu kuziba kulikuwa ghali. Hela ya kuziba aliitumia kwa mdogo wake aliyemlea, kwanza meno yake, kisha ada yake. Sasa fundi amebakiwa na magego mawili. Harusini haendi. Anakula peke yake, mlango ameurudishia, mkate ameulowesha kwenye chai.

Jana nilikuwa kwake nikisubiri gauni langu, mdogo wake akaja kushonewa kifungo cha shati. Ni mwalimu mstaafu. Meno yote yamo, na maneno hayamwishi.

"Dada, shida yako ni kutojua. Ungesoma vile vijitabu vya meno nilivyokuletea, usingefika hapa."

"Vile nilivikata nikavifanya vipimo vya kukatia kola," fundi akajibu bila kuinua macho. "Karatasi yake ngumu, nzuri. Au umesahau kuwa sijui kusoma?"

Mimi roho ikasuuzika.

Kifungo kilipokaa, fundi akapeleka uzi mdomoni kwa mazoea. Ukateleza kwenye ufizi, mara ya kwanza, mara ya pili. Akamsogezea mdogo wake shati.

"Kata wewe. Hayo meno nimeyalipia mimi."

Mwalimu akaukata, akaaga bila hata kukaa. Nami nilichukua gauni langu nikatoka. Nyuma yangu nikasikia mlango ukirudishiwa, halafu kijiko kikikoroga chai.