Moshi wa Ubani

Nikipita duka la ubani mtaa wa Jeppestown na harufu ikanifikia, narudi utotoni, kwenye chumba chetu cha mtaa wa Bertrams. Mdogo wangu yuko mkekani, anatetemeka, macho yamegeuka. Mama anamfukiza. Ananiambia nifunge dirisha, moshi usitoke.

Jirani yetu Mkongo, fundi cherehani, anasukuma mlango. "Mama, tumupeleke hospitali! Motokari iko hapa inje."

"Mtoto wa degedege hachomwi sindano," mama anamjibu. "Atakufa."

Tukangoja. Ubani uliisha chetezoni, mama akaongeza mwingine, na mtoto bado anatetemeka. Mwishowe mama mwenyewe akatoka mbio kumwita yule fundi atupeleke hospitali.

Mdogo wangu hakufa. Ana ndevu sasa. Mama humlisha uji kwa kijiko, dirisha likiwa wazi, hata kwenye baridi ya Juni.