Ng'ombe wa Vumilia

Jilala, mfugaji wa Ushirombo, hakujua kuficha jambo. Ukimpa siri, bora ungepiga mbiu mwenyewe. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka 1996 alitolewa figo lenye saratani, na kipande cha uvimbe kikapelekwa Ulaya kupimwa. Majibu yaliporudi, muuguzi, Sista Klara, alimwambia kromosomu zimeonekana zimekatika.

"Ndiyo nini hiyo, Sista?"

"Ni nyuzi ndogo mno mwilini, Baba Vumilia. Ndizo zinazobeba urithi, toka kwa mzazi hadi kwa mtoto."

Jilala akachukua kofia yake, huyoo! Angalikaa dakika mbili tu, maskini. Lakini alishasikia urithi, na wiki ileile kina Maganga walikuwa wanaleta ng'ombe wa kumwoa binti yake, Vumilia.

Kabla ng'ombe hawajaingia zizini, upande wa bwana harusi huuliza: ukoo huu una ugonjwa gani? Wazee wengine hapo hukohoa kidogo, wakaitisha pombe. Jilala akasimama.

"Damu yangu imeharibika, na mtoto ni damu yangu. Siwezi kuwauzia mbuzi kwenye gunia."

Ng'ombe wakageuzwa palepale langoni. Vumilia alibeba ndoo akaenda kisimani, asirudi mpaka jua kuzama.

Miezi mitatu baadaye Sista Klara akamfuata nyumbani.

"Mbona ulikimbia, baba? Kasoro ile imo kwenye uvimbe peke yake. Hukuzaliwa nayo, wala hukumrithisha mtoto. Inatuonyesha tu kwamba saratani yako ni kali. Wenye kasoro kama hizo, wengi hawadumu. Pole sana."

"Kumbe mwanangu mzima!" Jilala akacheka hadi machozi yakamtoka. Sista akadhani hakusikia yale mengine. Alisikia yote.

Kesho yake alitembea hadi kwa kina Maganga, fimbo mkono mmoja, mwingine ubavuni penye kovu. Mlangoni mwa Maganga akatoka msichana asiyemjua, mwenye kanga mpya za bibi harusi, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Jilala, akageuza njia bila kukaa.

Vumilia alikuwa anamngoja nje ya nyumba yao.

"Wamesemaje, baba?"

Jilala alishindwa kumtazama. "Sikuwakuta."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza, na hakuuweza. Vumilia akampokea fimbo, akamletea maji ya kunawa, akasema, "Basi, baba. Tule."