Raba Nyeusi za Kiyoyozi

Fundi saa alijulikana kwa subira, lakini mama yake aliimaliza. Mara mbili kwa wiki alimpeleka hospitali kusafishwa damu, na kila mara bibi huyo alisema ndani ya gari mna joto. Gari lilikuwa kuukuu, gesi ya zamani ya kiyoyozi chake haikupatikana tena madukani. Basi Barafu, fundi wa majokofu na swahiba wake tangu shuleni, alikigeuza kiyoyozi kizima kitumie gesi mpya. Ndivyo alivyosema. Kila ubaridi ulipopungua aliongeza gesi, akamvuta mwenzake pembeni: mama amezeeka, joto limo mwilini mwake. Fundi saa akaamini. Siku moja akamwambia mama yake waziwazi aache kudeka.

Safari hii ubaridi ulikatika Barafu akiwa hayupo mjini. Fundi saa akaazima pampu ya kunyonya hewa, akanunua raba za kuziba maungio ya mabomba, mafuta ya kompresa na gesi, akafungua mwenyewe. Anayefungua saa ya mkononi atashindwa na mabomba?

Raba ya kwanza ilikuwa nyeusi, ngumu kama ukucha, imepasuka. Haikuwahi kuguswa tangu gari litoke kiwandani. Ya pili vilevile, na ya tatu. Mafuta nayo yalikuwa yaleyale ya zamani, yasiyopatana na gesi mpya. Barafu alibadilisha vitu viwili tu, midomo ya kujazia gesi, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Fundi saa alibadilisha kila kitu, ikamchukua siku mbili. Barafu aliporudi, akamwekea zile raba kiganjani. Barafu hakukana.

"Wewe hukulalamika hata siku moja, ndugu yangu," alisema. "Aliyelalamika ni mama tu."

Neno hilo lilimuuma fundi saa kuliko uongo wenyewe, maana lilikuwa kweli.

Siku ya hospitali kiyoyozi kilipuliza hadi mama akajifunika shali. Njiani mwanawe akamweleza yote, jinsi Barafu alivyowadanganya. Walipofika getini mama akaikunja shali yake.

"Barafu alikudanganya wewe," akasema. "Mimi sikumwambia Barafu kwamba naungua. Nilimwambia mwanangu."

Akafungua mlango, akaukataa mkono alionyooshewa, akashuka mwenyewe, polepole.