Jina Sahihi la Kileo

Juzi nilikuwa kwenye duka la dawa hapa Garissa, nikikohoa. Mbele yangu alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, mwenyeji wa Machakos, naye akikohoa. Binti muuzaji akampa chupa. Mwalimu akasoma kibandiko, akairudisha kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma sufuria ya moto.

"Nipe isiyo na kileo, dada."

Binti akautazama msalaba shingoni mwake. "Lakini wewe ni Mkristo. Ni sisi Waislamu huuliza kama iko bombe ndani."

"Mimi nilikunywa hadi nikalazwa. Nikionja tu, nitarudi kulekule."

Hapo mimi, mzee niliyesomeshwa na Mwingereza, nikashindwa kunyamaza. Nikamfahamisha binti kwamba ile si pombe, ni alkoholi, kiyeyushio cha dawa. Na mwalimu, kwamba kijiko kimoja hakimleweshi mtu.

Mwalimu akanigeukia kwa upole. "Mzee, mwili wangu haujui hayo majina. Na kijiko kimoja sijawahi kukijua. Mimi najua chupa."

"Awoowe," binti akaniambia, kwa sauti ya mjukuu aliyechoka na babu yake, "wacha mtu asaidiwe."

Akainamia rafu ya chini, akamtolea nyingine. Mwalimu akasoma kibandiko chote, akalipa, akaondoka akikohoa kwa furaha.

Tangu utotoni nimeamini kwamba kitu kikipewa jina lake sahihi hakina madhara tena.

"Na wewe, awoowe, nikupe gani?"

Nikaionyesha kwa kidole, kwenye rafu ya chini, ile aliyoinunua mwalimu. Kuitaja jina sikuthubutu.