Kibubu cha Jirani Kiko Chini ya Kitanda Changu, na Ijumaa Anakuja Kukivunja

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe, ndugu zangu wote wa ukurasa huu. Hamjambo? Watoto hawajambo? Walio wagonjwa Mungu awaponye. Mie afya ninayo, usingizi ndio sina. Admin, jina langu nakuomba ulifiche, na hawa ninaowataja humu nimewabadilisha majina.

Mie ni mama wa miaka arobaini na tisa, naishi huku Tandika. Shule niliishia la saba, nikikosea kuandika mnivumilie. Nauza vitumbua asubuhi. Mume wangu, Baba Salma, ni mchonga vinyago, mtu wa Mtwara, mtu wa swala tano, na katika ndoa yetu hajawahi kuninyanyulia mkono. Nasema hivyo ili msimfikirie vibaya kabla sijamaliza.

Mwanzoni mwa mwaka sie wamama wa mtaani tulianza ule mchezo wa kuweka akiba kila wiki. Wiki ya kwanza unaweka elfu moja, ya pili elfu mbili, unapanda hivyo hivyo mpaka mwaka uishe. Unakuwa na karatasi yenye viboksi, kila ukiweka unapaka rangi kimoja. Mie na jirani yangu Mama Neema, mjane anayeuza mihogo ya kukaanga, tukaona tubadilishane vibubu. Maana kibubu kikikaa kwako mwenyewe, siku mboga imekosekana utachokonoa noti kwenye tundu kwa kijiti. Basi changu kikakaa kwake, chake kwangu chini ya kitanda, na karatasi yake ikabandikwa nyuma ya mlango wangu. Vibubu vyote viwili alitutengenezea Baba Salma kwa mbao, bure, vinafanana kama mapacha.

Karatasi yangu kule kwake ni aibu, unga ulipopanda bei niliacha wiki nyingi nyeupe. Yake haina hata kiboksi kimoja kilichorukwa. Ana uvimbe tumboni, ile pesa ni ya operesheni. Na sasa tuko wiki za juu, anaweka arobaini elfu na kitu kwa mkupuo. Mama wa mihogo, jamani.

Wiki iliyopita nikawa napiga deki, ndoo ikamwagika. Nikakivuta kibubu kisilowe, mkono ukatoka mweusi. Nikaunusa. Dawa ya viatu. Wenzangu, mie nimeishi na mchongaji, najua maana yake. Kinyago kikipasuka anaziba ufa kwa gundi na vumbi la mbao, kisha anapaka dawa ya viatu juu, mteja haoni kitu. Nikakigeuza kitako, nikapapasa, nikaukuta muungo, pale kilipofunguliwa kikazibwa. Nikakitikisa. Uzito ni ule ule, lakini ndani kinagonga, ko, ko, kama vipande vya mbao. Nilikaa pale pale kwenye maji.

Alfajiri baada ya swala nikamuuliza.

"Baba Salma, kibubu cha Mama Neema umekifungua?"

Akaendelea kukunja mswala. "Nani kakwambia?"

"Kucha zangu hizi. Nimesugua, dawa yako ya viatu haitaki kutoka."

Akakaa kitandani. "Nilikopa tu. Ile oda ya hoteli ya Kunduchi, nilinunua mpingo kwa hiyo pesa, halafu oda wakaikataa. Nilijua nitarudisha kabla ya mwisho wa mwaka."

"Umekopa kwa nani? Yeye kakukopesha lini? Ile ni amana, Baba Salma!"

"Punguza sauti." Macho yake sijawahi kuyaona vile. "Huu mtaa unaujua. Yule kijana aliyeiba mtungi wa gesi walimfanya nini? Ukisema, umeniua. Na huyo Salma aliyeposwa, wataoa mtoto wa mwizi?"

Yule kijana nilimwona kwa macho yangu, na tairi walilomchomea nililiona.

Ijumaa hiyo hiyo Mama Neema akaja na noti zake, zinanuka mafuta ya mihogo. "We shoga, mbona umenuna kama nimekuja kudai kodi?" Akacheka mwenyewe. Akatumbukiza, akapaka kiboksi chake rangi ya waridi kwa peni ya Neema, akaweka mkono juu ya kibubu kama kawaida yake: "Bwana Yesu, jasho langu hili, lilinde." Akanigeukia. "Sema amina, au kwenu haipo?"

Nikasema amina. Huku najua.

Kisha akaniambia, "Hospitali wamenipigia, nafasi imepatikana mapema. Mwaka hatuumalizi. Ijumaa ijayo nakuja navunja, na wamama wote waje, tupige vigelegele." Akatoa nyundo kwenye kapu, akaiweka juu ya kibubu. "Naiacha hapa nisije nikaisahau. Na atakayenivunjia ni shemeji. Si kakitengeneza mwenyewe?"

Baba Salma nilipompa habari hiyo alisema tu nyundo niiondoe machoni pake. Nimeifunika na kanga, lakini nikisali naiona. Nimewaza kumpa Mama Neema cha kwangu chote, lakini karatasi yangu anaijua yeye kuliko mimi, hakifiki hata nusu. Nikimwambia ukweli leo, naogopa atapiga yowe kabla sijamaliza sentensi, na yowe hapa kwetu halirudi nyuma. Nikinyamaza, Ijumaa vipande vya mbao vitamwagika mbele ya wamama wote, na nyundo iko mkononi mwa mume wangu. Na yule mama tumbo lake halisubiri.

Namwogopa Mungu, nawaogopa watu, na mume wangu namwogopea.

Ndugu zangu, nipeni njia, nianzie kwa nani na nimwambieje? Leo ni Jumanne. Naomba mnijibu upesi.